Usingizi wa Safarini Huanzia Chini ya Mgongo

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya watu wanaopenda safari za pikapu lakini wanauogopa usiku wake. Nilikuwa mmoja wao. Nilishaamini kwamba kulala porini ni shughuli ya vijana, na mtu mwenye mgongo unaouma hana lake huko. Leo umri umesonga zaidi, mgongo ni uleule, na mimi na mke wangu tunalala porini na kuamka wazima. Kilichobadilika ni kile tunacholalia.

Kwa miaka mingi nilibeba viazi mviringo kutoka Makete na nyanda za juu za Mbeya kwa pikapu ya kabini moja. Usiku ukinikuta njiani nililala kwenye kiti, magoti yamekunjwa kando ya gia, kama wanavyolala madereva wengi wa barabara zile. Asubuhi miguu imevimba, shingo imekaza, na safari bado ndefu. Dereva wa namna hiyo ni hatari kwake na kwa wenzake, maana usingizi uliokosekana usiku hudai haki yake mchana, mikono ikiwa kwenye usukani.

Nilipopunguza biashara, mke wangu aliniomba jambo moja: nimpeleke Kitulo akaone maua. Tulipanda kutokea Chimala kwa barabara ya Hamsini na Saba, ile yenye kona nyingi kama jina lake linavyosema, hadi Matamba. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, na ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Uwanda wake uko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, na maua hushamiri msimu wa mvua. Kwa hiyo anayefuata maua hukutana na mambo mawili kwa pamoja: baridi na maji.

Tulilala kwenye bodi ya nyuma, chini ya kanopi, tukiwa tumetandika mablanketi juu ya bati. Usiku wa manane mke wangu akaniambia, “Baba, baridi hii haitoki juu. Inatoka chini.”

Alisema kweli tupu, na maneno yake ndiyo yaliyonifungua macho. Blanketi humpasha mtu joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako unaikamua ile hewa na kubakiza kitambaa kitupu. Chini ya kitambaa hicho kuna chuma, na chuma hunyonya joto la mwili upesi kisha kulitoa nje. Unaweza kujifunika mablanketi matano na bado ukatetemeka, kwa kuwa joto linakutoka mgongoni.

Tuliporudi nilichunguza njia zote kwa makini. Hema la chini ni jepesi na bei yake ni nafuu, lakini linataka ardhi kavu na iliyo sawa, na msimu wa maua Kitulo ardhi hiyo ni adimu. Hema la juu ya gari hufunguka haraka na hukuweka mbali na tope. Ila lina uzito wa kilo 50 na zaidi, huifanya gari iwe nzito juu kwenye kona, na hukulazimu kushuka ngazi gizani unapotaka kujisaidia. Kwa magoti yetu, hilo halikufaa. Godoro la upepo hukunjika vizuri, lakini hewa ndani yake huzunguka na kubeba joto la mwili hadi chini. Tena usiku ukipoa, hewa hiyo husinyaa, na alfajiri unajikuta godoro limelegea.

Tukachagua kichanja cha mbao na godoro la sponji.

Fundi seremala alikuja na futi yake, lakini hakuanza na gari. Aliniambia, “Mzee wangu, kaa chini kwanza nikupime wewe.” Alipima kutoka makalioni hadi utosini, akaongeza unene wa godoro, ndipo akapanga kimo cha kichanja. Namshukuru kwa hekima hiyo. Kichanja kilichoinuka sana hukupa nafasi kubwa ya mizigo chini yake, lakini kinakunyima kuketi, na mtu asiyeweza kuketi kitandani huvaa viatu kwa taabu na hunywa chai kwa taabu. Chetu kimepita kidogo tu juu ya yale mabonge ya chuma yanayofunika magurudumu. Ni plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya mbao za paina, imekatwa vipande vitatu ili itoke na gari irudi kubeba mzigo. Amekitoboa matundu ili unyevu usikae chini ya godoro.

Godoro ni la sponji nzito, inchi nne. Sponji laini humvutia mtu dukani, lakini ukilala ubavu, nyonga inazama hadi kwenye mbao. Mwenye kabini moja ana bahati, maana bodi yake huzidi mita mbili. Bodi ya kabini mbili ina takriban mita moja na nusu tu, hivyo mwenye nayo atahitaji kipande cha kichanja chenye bawaba, kinachokunjuka juu ya mlango wa nyuma ulioshushwa, na turubai la kufunika sehemu hiyo.

Baadaye tulikwenda Saadani, hifadhi inayopakana na Bahari ya Hindi, na huko tukajifunza upande wa pili. Pwani adui ni joto na mbu. Tulifungua madirisha ya pande zote mbili za kanopi ili upepo upite, tukaning'iniza chandarua chenye dawa, kingo zake tukazichomeka chini ya godoro. Hata kwenye baridi sasa hatufungi madirisha yote. Pumzi za watu wawili hugeuka matone juu ya bati, na asubuhi matandiko yamelowa.

Hapa nasema kwa uchungu na upendo: usiingize jiko la mkaa ndani ya kanopi au hema, hata kama limebaki makaa machache. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Joto litafute kwenye godoro, soksi kavu na blanketi la juu.

Matunda ya kichanja na godoro nayaona. Sasa naamka kabla ya jua nikiwa na hamu ya kutembea, na ninaendesha nikiwa macho kabisa. Mke wangu, aliyekuwa akihesabu saa hadi kupambazuke, ndiye anayepanga safari inayofuata. Pikapu niliyotaka kuiuza imetupa uzee wenye furaha.

Kwako unayejiandaa: kabla ya kununua hema la bei kubwa, pima bodi yako, jipime ukiwa umeketi, kisha lala usiku mmoja uani kwako juu ya godoro unalokusudia kusafiri nalo. Ukifika kambini, sawazisha gari kwa mawe au mbao chini ya magurudumu, kichwa kiwe juu kidogo kuliko miguu. Fedha yako ya kwanza iende kwenye kichanja na godoro. Mengine yote yanaweza kusubiri.