Siku Tuliyomwacha Papa Aende Zake

Nilipanda ndege kwenda Mtwara kumwona mume wangu. Yeye alikuwa ameshanipangia boti, ndoano na watu wengine wanne. Nusura tugombane kabla jua halijachomoza.

Nikiri mapema, mpenzi msomaji: mimi si mtu wa bahari. Nimezaliwa Dodoma, nimesoma Morogoro, na miaka yangu yote ya Dar es Salaam bahari nimeitazama nikiwa kwenye kiti cha plastiki, soda mkononi. Kwa hiyo mume wangu aliponipokea uwanja wa ndege wa Mtwara Ijumaa moja ya Novemba, akanikumbatia na kusema, "Mke wangu, kesho alfajiri tunakwenda kuvua papa," mimi nilicheka tu. Nilidhani ni utani.

Kumbe mwenzangu hakuwa na utani hata chembe.

Ngoja nikueleze hali yetu ilivyokuwa. Tumeoana miaka mitatu, na miwili kati ya hiyo yeye yuko Mtwara kikazi, mimi niko Dar na kazi yangu ya benki. Tunaonana mara moja kwa miezi miwili, tena tukibahatika. Safari hii nilikuwa na barua kwenye mkoba. Nimepandishwa cheo, na jibu langu lilitakiwa Jumatatu. Kukubali maana yake ni kubaki Dar miaka mingine mitatu. Barua hiyo nilikuwa nayo wiki tatu nzima na sikuwa nimemwambia.

Mimi nilitaka chakula cha jioni cha watu wawili, tuzungumze yaishe. Badala yake naambiwa boti ni ya watu sita: sisi wawili, wachumba wawili wanaofanya naye kazi, na vijana wawili anaovua nao mwisho wa wiki. Sitakudanganya, nilinuna. Nimekuja kuonana na mume au na samaki?

Mji ulioachwa na karanga

Ijumaa hiyo jioni alinitembeza ili nipoe. Mtwara ni mji wenye barabara pana kuliko magari yake, na kuna sababu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliamua kulima karanga kwa maelfu ya ekari kusini mwa Tanganyika. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ule ulianguka kifo cha mende, ukafutwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikang'olewa miaka ya 1960. Kilichobaki ni bandari yenye kina kizuri cha asili na mji uliosubiri miaka mingi. Korosho zikaubeba, halafu ikaja gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015. Gesi hiyo hiyo ndiyo iliyomchukua mume wangu.

Tukafika mpaka Mikindani, kama kilomita kumi hivi kutoka mjini. Jamani, Mikindani! Vichochoro vyembamba, milango ya kuchongwa, kuta za matumbawe zilizochoka, na juu ya kilima Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Ni kutoka hapa ndipo David Livingstone alipoanza safari yake ya mwisho ya kuingia bara, mwaka 1866. Hakurudi tena pwani akiwa hai.

Tulikaa tukitazama ghuba inavyobadilika rangi. Nikasema moyoni, sasa ndiyo sasa, mwambie. Nikafungua mkoba. Simu yake ikalia. Ni nahodha, anauliza habari za barafu na chambo. Nikafunga mkoba.

Baharini

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa ufukweni. Boti ya faiba, injini mbili, turubai dogo la kivuli. Nahodha ni mzee wa makamo aliyevua tangu utotoni.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umevaa viatu vya harusi? Vua, utateleza."

Basi nikavua sendozi zangu za visigino, safari ikaanza.

Tuliizunguka rasi ya Msanga Mkuu, tukashika njia ya kusini kuelekea usawa wa Msimbati. Novemba ni wakati mzuri kwa sababu kusi imeshachoka na kaskazi haijapata nguvu. Bahari hutulia. Pamoja na utulivu huo, yule dada mchumba alianza kutapika hata nusu saa haijaisha. Mchumba wake akamshika nywele kwa mkono mmoja na chupa ya maji kwa mwingine, muda wote, bila kulalamika. Nikajisemea, huyu dada aolewe tu, ameshapata.

Nahodha alinieleza kwa nini samaki wakubwa wanapita hapa. Mkondo mkubwa wa bahari huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, ukafika pwani ya Afrika karibu na eneo hili, kisha ukagawanyika: tawi moja linapanda kaskazini kuelekea Dar na Zanzibar, jingine linashuka Msumbiji. Tena hapa huhitaji kwenda mbali ili ukute kina kirefu. Ukitoka kwenye miamba tu, chini kunaporomoka. Ndiyo maana jodari, nguru, kolekole na mbasi hawako mbali na nchi kavu.

Upande wa ndani wa njia yetu ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilianzishwa mwaka 2000, ya pili nchini baada ya ile ya Mafia ya mwaka 1995, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 650. Humo mna mikoko, matumbawe, visiwa, mazalia ya kasa, na vijiji vya watu wanaoishi kwa bahari hiyo hiyo. Sisi tulipita nje yake.

Na mlango wenyewe wa Ruvuma hatukuukaribia. Nilitamani kuona viboko wa mtoni, lakini nahodha alikataa kabisa. Ng'ambo ni Cabo Delgado, ambako vita vilianza mwaka 2017, na Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakavamia kijiji cha Kitaya upande wetu. "Mpaka hauchezewi," alisema. "Na vitambulisho mnavyo?" Tulikuwa navyo.

Saa moja asubuhi mshipi wa kwanza ukalia. Walikuwa wanarambaza, yaani boti inakwenda taratibu huku chambo kinavutwa nyuma. Nguru! Halafu jodari wawili wadogo. Kelele, vicheko, picha. Hata mimi nikaanza kulegea. Mume wangu alikuwa na uso ambao sijauona siku nyingi, uso wa wakati ule wa uchumba.

Nahodha akaniinamia sikioni. "Mwanangu, huyu mumeo kila Jumapili yuko hapa pwani. Namuuliza, leo unataka kuvua nini? Ananiambia, chochote mzee, mradi nisikae nyumba ile peke yangu."

Nilitazama maji. Sikuwa na la kujibu.

Mwenye kichwa cha nyundo

Saa nne tukazima injini. Wakashusha vipande vya samaki ndani ya mfuko wa wavu ili harufu isambae, na ndoano yenye waya wa chuma, maana mshipi wa kawaida papa anaukata kama uzi. Tukasubiri. Mzee akasimulia jinsi papa walivyokuwa wengi enzi za ujana wake. Waliwatega kwa jarife, nyama ikakaushwa kwa chumvi, na mafuta ya maini, yale yanayoitwa sifa, yakapakwa kwenye majahazi ili mbao zisioze. "Siku hizi unaweza kukaa wiki usimwone," alisema. Alilaumu nyavu zilizozidi, na miaka ile ya baruti.

Ghafla fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Mume wangu akaidaka. Alivuta, akaachia, akavuta. Dakika kumi, kumi na tano. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Mwisho akanigeukia: "Njoo unisaidie. Mgongo umegoma."

Mimi? Nikafungwa mkanda kiunoni, fimbo ikasimikwa, nikashika. Wewe! Ni kama kufunga kamba kwenye daladala halafu konda akagonga ondoka. Kila nikipata mita mbili, ananyang'anya tatu. Mume wangu alisimama nyuma yangu, mikono yake juu ya yangu. Sikumbuki mara ya mwisho tumefanya kitu kimoja kwa wakati mmoja namna ile.

Kisha tukamwona. Kivuli kirefu cha kijivu, na kile kichwa. Papa pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo. Alikuwa mrefu kuliko mume wangu, na mume wangu si mfupi.

"Mpandisheni tupige picha!" mmoja wa vijana akapiga kelele. Mwingine akaanza kupiga hesabu ya nyama.

Nahodha akatikisa kichwa. Alisema pingusi si kama papa wengine, akipigana sana hulemewa, na hata ukimwachia baadaye anaweza kufa huko huko chini. Hapo nikakumbuka nilivyosoma kwamba papa hawa wa kichwa cha nyundo wako kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao inadhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa CITES, tangu walipopigiwa kura mwaka 2013. Papa hachelewi kuisha. Anachukua miaka mingi kukomaa, na hazai kwa maelfu ya mayai kama samaki wa kawaida.

Vijana walibisha. Tumelipia boti, walisema, na haki walikuwa nayo. Mzee akasema aliyeshika fimbo ndiye aamue. Mume wangu akanitazama. "Umeshika wewe. Sema."

"Kata," nikasema.

Baharia akainama na koleo, akakata waya karibu kabisa na ndoano, papa akiwa bado majini. Yule samaki alielea pale ubavuni mwa boti kwa sekunde kadhaa bila kutikisika. Nilidhani tumechelewa. Kisha mkia ukaenda kushoto, ukaenda kulia, akazama. Kama alipona, Mungu ndiye anajua.

Barua mbili

Njiani kurudi vijana walinuna, wachumba wakalala. Mume wangu akakaa kando yangu kule tezi, akasema kwa sauti ya chini: "Leo umeamua haraka. Yetu huwa huyaamui."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nikamwambia yote, pale pale, injini zikinguruma: cheo, miaka mitatu, Jumatatu, wiki tatu za kunyamaza. Nilitegemea akasirike kwa sababu ya cheo.

"Kukubali sikulaumu," alisema. "Nakulaumu kwa kuificha." Kisha akanyamaza muda mrefu. "Na mimi nimeongeza mkataba. Miaka miwili. Nilisaini Septemba."

Septemba! Yaani miezi miwili nazungumza naye kila usiku, "umekula, umelala", na yeye ameshasaini. Nilikasirika mimi niliyekuwa na hatia dakika moja kabla. Tulitupiana maneno, msomaji wangu, maneno makali ya chini chini, huku nahodha akijifanya anatazama mawingu. Mpaka tunaingia bandarini tulikuwa tumechoka kuliko yule papa.

Usiku ule tulikaanga nguru, tukala na wali wa nazi, na tukazungumza mpaka saa nane. Hakukuwa na mishumaa. Umeme ulikuwepo, ila mwanga ulitosha kuonana usoni.

Na nyie mkitaka kwenda

Kwa ndege Dar hadi Mtwara ni kama saa moja, na barabara ya lami ipo kwa wenye muda. Nendeni kati ya Novemba na Machi, kusi ikiwa imepita. Msiwe wengi, watu sita wanatosha. Ulizeni maboya ya kuokolea kabla ya kuuliza bei. Mkitaka kuingia eneo la hifadhi, piteni kwanza ofisini kwao mlipe kiingilio na muelezwe wapi panaruhusiwa kuvua. Ulizeni pia hali ya usalama kabla ya kuelekea upande wa Ruvuma. Bebeni vitambulisho, kofia, tangawizi na dawa ya kichefuchefu. Na kubalianeni kabla ya kung'oa nanga: papa akinasa, tunamfanya nini? Msisubiri mpaka awe ubavuni mwa boti.

Jumatatu nilisaini barua yangu. Sitakudanganya kwamba tumemaliza, miaka miwili ya mbali ni mirefu na kuna siku naona kama hatutafika. Lakini tuna sheria moja mpya: barua yoyote ikifika kwa mmoja wetu, mwenzake anaisoma usiku ule ule. Mwezi uliopita alikuja yeye. Mwezi huu ni zamu yangu, na nimeshanunua viatu vya raba.