Tulipoacha Kusubiri

Nilipoanza kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya misheni, huko juu ya Moshi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mguu unaooza ulikuwa na kanuni moja: usubiriwe. Tulifundishwa kwamba nyama iliyokufa itajitenga yenyewe na iliyo hai, mpaka kati ya hizo mbili utaonekana, ndipo daktari akate. Kwa kidole kilichokauka kikawa cheusi kanuni ilikuwa sawa, na ingali sawa. Lakini ilitumika hata kwa ule ugonjwa mwingine, unaokula nyama chini ya ngozi kwa saa na si kwa wiki, na huko subira ndiyo iliyotuzikia watu.

Mlango wake huwa mdogo: mwiba, mchubuko wa jembe, jino bovu. Bakteria wakishaingia hufuata utando unaofunika misuli. Mishipa midogo ya damu huziba, nyama hufa, na pasipofika damu hata dawa ya kwenye dripu haifiki. Juu, ngozi bado nzima. Namkumbuka mama mmoja wa makamo aliyeshuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, mundu ukamparura juu ya kifundo. Siku ya tatu aliletwa kwa machela, maana masika ilikuwa imeharibu barabara. Kidonda chenyewe ungekifunika kwa ncha ya kidole. Vitabu tulivyosomea vilituambia tutafute wekundu. Viliandikwa na watu waliozoea ngozi za Ulaya. Kwenye mguu wake hapakuwa na wekundu wa kuonekana. Palikuwa na mng'ao, ngozi imevutika, na maumivu yasiyolingana kabisa na jeraha: ukimgusa gotini, mbali na kidonda, anapiga kelele. Nyumbani walikuwa wameukanda mguu kwa maji ya moto. Wodini akaandikiwa penisilini, mguu ukainuliwa juu ya mito. Alfajiri ya pili maumivu yakaisha, mwenyewe akasema amepona, ndugu wakamshukuru Mungu. Kumbe mishipa ya fahamu ndiyo iliyokuwa imekufa. Jioni haikumkuta.

Mabadiliko yalipanda mlima kutoka KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1971, na vijana wetu waliokwenda kusoma huko walirudi na ubishi. Mmoja, daktari msaidizi mwembamba asiyependa chai, alikuwa na kipimo ambacho hakikuhitaji maabara. Mgonjwa akishukiwa, anapigwa ganzi kidogo, ngozi inapasuliwa urefu wa kucha mbili, daktari anaingiza kidole. Kwa mtu mzima wa afya ngozi na vilivyo chini yake vimeshikana; kidole hakipiti. Kwa mwenye ugonjwa huu kidole kinateleza bila kuzuiwa, damu haitoki, na kinachochuruzika ni maji ya kijivu kama yaliyooshea vyombo. Hapo hakuna kusubiri majibu. Unakata usiku huohuo, unafuata uozo mpaka ukutane na nyama inayotoa damu na kushtuka ukiifinya, unaacha kidonda wazi. Kesho unamrudisha mezani ukague tena, na kesho kutwa ikibidi.

Hilo la kumrudisha mgonjwa thieta ndilo lililotushinda sisi wa zamani. Lilionekana kama aibu, kwamba kazi ya jana haikufanywa vizuri.

"Daktari, huyu tumeshamfanyia," sista wa zamu alimwambia.

"Hapana, Sista. Tumeanza."

Kilichotusaidia ni ketamini. Mgonjwa analala lakini anaendelea kuvuta pumzi mwenyewe, hakuna haja ya mashine kubwa, na jenereta ikizima unaendelea kwa tochi. Kingine ni kalamu ya kawaida: muuguzi anachora juu ya ngozi mwisho wa uvimbe na kuandika saa. Uvimbe ukivuka mstari kabla ya zamu kwisha, daktari anaamshwa, apende asipende.

Kizuizi kikubwa, hata hivyo, hakikuwa thieta. Mguu wa mtu Uchaggani hauna mwenyewe mmoja. Ukoo ukae, baba mkubwa aitwe, na kijana aliyeko Dar es Salaam, ambaye ndiye atakayelipa, apatikane. Kabla ya simu za mkononi, kumpata ilikuwa kazi ya siku mbili, na ugonjwa haukuwa na siku mbili za kutoa. Klindamaisini ni dawa nzuri, huzuia bakteria kutengeneza sumu wakati penisilini inawaua. Lakini nikiulizwa ni nini kiliokoa miguu mingi zaidi, nitataja simu kwanza.

Wagonjwa nao walibadilika. Utafiti wa akina Donald McLarty katika vijiji vya Tanzania, vya Kilimanjaro vikiwemo, ulichapishwa mwaka 1989 ukionyesha wenye kisukari hawafiki 1%. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012, ingawa haukufanywa kwa njia ileile, uliwakuta karibu 9 katika kila watu wazima 100. Sisi wodini hatukuhitaji takwimu. Badala ya mundu na jembe, walianza kuletwa watu waliokanyaga kaa la moto wasisikie, au waliotembea kutwa na msumari ndani ya kiatu. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Dakta Zulfiqarali Abbas alikuwa akihangaika na miguu na hata mikono ya wenye kisukari, na mwaka 2004 ukaanza mradi wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuutunza mguu kabla haujaoza.

Kidonda kikishasafishika, kazi inayobaki ni ndefu. Tulitumia asali, na ilipokosekana tulitumia sukari ya mezani, maana huvuta maji na bakteria hawastawi humo. Ndugu walikuja juu: "Mnamwekea sukari mgonjwa wa sukari!" Haiingii kwenye damu kiasi cha kudhuru, tuliwaeleza, wakatutazama vilevile. Baadaye ngozi ya paja hubandikwa. Na aliyepoteza mguu hupelekwa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa pale KCMC mwaka 1981, apimwe mguu mwingine.

Nimestaafu, ila huwa nampeleka dada yangu kliniki ya sukari. Muuguzi wa pale, binti mdogo, hagusi kipimo cha damu kabla hajaona nyayo. Juzi mzee mmoja mwenye viatu vilivyong'arishwa alimwambia amekuja kwa ajili ya sukari, si kwa ajili ya miguu.

"Sawa, babu," akamjibu. "Vua na soksi."