Bega Langu, Kiwiko cha deGrom

Kama unacheza FPL unajua ule uchungu wa kuona bendera nyekundu Ijumaa usiku kando ya jina la kapteni wako. Sasa uchukue uchungu huo uunyooshe miezi sita, mechi karibu kila siku. Hiyo ndiyo fantasi ya besiboli. Niliingizwa na wenzangu wa kazi huku Dallas, Wamarekani watupu, kila mtu dola 50 mezani. Nadhani walinihesabu kama pesa ya bure.

Siku ya kuchagua wachezaji, Machi 2025, zamu yangu ilifika na jina la Jacob deGrom lilikuwa bado halijachukuliwa.

Huyu jamaa si mchezo. Mwaka 2018 aliruhusu wastani wa pointi 1.70 tu kwa kila awamu 9, akabeba tuzo ya Cy Young, na 2019 akaibeba tena. Kisha mwili ukaanza kumdai. Texas Rangers walimpa mkataba wa dola milioni 185 kwa miaka 5. Msimu wa kwanza, 2023, akaanza mechi 6, kiwiko kikakataa. Timu ikachukua ubingwa mwaka huohuo bila yeye. Upasuaji wake ni ule unaoitwa Tommy John, jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, 1974: kano iliyochanika kiwikoni inabadilishwa na nyingine iliyotolewa kwingine mwilini. Kwa deGrom ilikuwa mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa 2010.

Alirudi Septemba 2024, mechi 3, akarusha vizuri sana. Lakini mechi 3 zinakuambia nini? Watu hutazama kasi kwanza. Mwaka 2021 mpira wake ulizidi wastani wa maili 99 kwa saa. Aliporudi ulikuwa kama 97. Hapo ndipo pagumu. Maili 2 zilizopotea ni dalili kwamba mkono umeisha, ama ni mtu mzima ameamua kutojiua? Shabaha nayo, wanasema, hurudi mwisho. Halafu unahesabu amerusha mipira mingapi, kocha alimtoa lini, na kesho yake aliamkaje. Hiyo ya mwisho huwezi kuiona kwenye simu.

Mimi niliijua. Wakati huo nilikuwa na miezi mitano tangu nipasuliwe bega, lililochanika nikimwinua mzee kitandani kwenye kituo ninakofanya kazi. Mtaalamu wa mazoezi aliniuliza kila wiki: maumivu ni ngapi kwa kumi? Yalikuwa tano. Nilisema mbili. Pesa ilikuwa imepungua, na nyumbani mdogo wangu alikuwa anangoja karo. Mama akipiga, “Mkono ukoje, baba?” nilimwinulia mkono kwenye kamera. Ule mzima.

Kwa hivyo niliposoma kwamba deGrom anajisikia poa, nilicheka. Manze, sote tunajisikia poa tukiulizwa na mwenye pesa. Miaka 36, kiwiko cha mkono uleule, mara mbili? Binamu yangu alikuwa nyuma ya kiti akipiga kelele, “Mchukue huyo, wewe!” Nikachagua kijana ambaye hajawahi kuguswa na kisu.

Nilirudi kazini Mei. Wiki ya tatu bega likakwama nikiwa nimeshika shuka, nikarudishwa nyumbani tena, safari hii bila mtu wa kumdanganya. Nikawa natazama Rangers jioni na barafu begani. deGrom hakuwa akirusha kwa hasira kama zamani. Alikuwa anaiweka akiba ile maili ya mwisho, anaitoa akibanwa tu. Alimaliza msimu na mechi 30, zaidi ya awamu 172, ushindi 12, na tuzo ya mchezaji aliyerudi vizuri zaidi katika ligi yake. Mwenzangu aliyemchukua baada yangu ndiye aliyekusanya zile dola 50 zote. Mimi nilikuwa wa nane kati ya kumi.

Binamu hajaacha kunikumbusha. Nilisoma takwimu zote, kisha nikazitupa nikamsoma mtu mwingine kabisa.

Juni 2026 deGrom anafikisha miaka 38. Wasee wa kazini wameshaanza kuulizia dola 50 za msimu mpya. Jana nilimwambia mtaalamu ukweli: tatu, usiku nne. Akaandika. Kuhusu deGrom bado sijaamua.