Propela ya Mombasa haifai Kisumu

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za Python, Linux na vituko vya hifadhidata, na leo nawaletea propela ya boti. Vumilieni kidogo. Hesabu zipo, programu fupi ipo, na kuna ploti moja kule Kikambala iliyokuwa karibu kuuzwa bure.

Kwanza boti yenyewe. Mjomba wangu ana boti ya kasi ya futi 21, injini ya petroli V8 ya lita 5.7, aina inayoitwa stendraivu. Maana yake ni kwamba injini imekaa ndani, upande wa tezi, kama injini ya gari, halafu kuna mguu unaotokea nje ukiwa na gia na propela. Mpangilio huu ni wa zamani: Volvo Penta waliuingiza sokoni mwaka 1959 kwa jina la Aquamatic, na wengine wakafuata. Uzuri wake ni kwamba unapata nguvu za injini ya gari, na bado unaweza kuuinua mguu ukifika kwenye maji mafupi.

Kwa miaka sita boti ilifanya kazi Mtwapa, ikibeba wageni wawili au watatu kwa wakati mmoja. Haikuwa na shida. Mwaka 2024 biashara ikalala, Mjomba akapata kazi Kisumu ya kupeleka wageni upande wa Kisiwa cha Ndere, watu wanane kwa safari. Akaipandisha juu ya lori, zaidi ya kilomita 800, hadi Ziwa Viktoria.

Huko boti ikakataa. Ukisukuma mkono wa mafuta hadi mwisho, injini inanguruma kwa uzito, omo inainuka juu, na boti inabaki hivyo hivyo sekunde 14 kabla ya kulala juu ya maji na kuanza kukimbia. Sekunde 14 ni nyingi. Wakati wote huo nahodha haoni kilicho mbele, na Ghuba ya Winam ina mitumbwi ya wavuvi, nyavu, viboko na magugumaji. Nahodha mwenyewe alisema hataki tena kuondoka na wageni wanane. Sikumlaumu.

Fundi mmoja akaitwa. Akapima mgandamizo wa silinda, akakuta kila moja iko karibu na 130 kwenye geji, wakati daftari la Mtwapa lilionyesha 150. Akatoa hukumu: injini imechoka, nunua nyingine. Bei yake ilipita shilingi milioni moja, na ndipo hadithi ya kuuza ploti ilipoanza. Shangazi akanipigia simu usiku. "Wewe si ndiye uliyesomea kompyuta? Ongea na mjomba wako."

Sijui kwa nini watu hudhani digrii ya kompyuta inatibu injini, lakini safari hii ilisaidia, kwa sababu kitu kimoja kilinisumbua. Silinda zote nane zilikuwa zimeshuka, na kwa kiasi karibu sawa. Injini ikichoka, haichoki kwa adabu hivyo. Moja hutangulia: ringi hapa, valvu pale. Ukiona seva nane zimepungua kasi kwa kipimo kimoja siku moja, hutafuti ugonjwa ndani ya kila seva. Unatafuta kitu wanachotumia wote.

Na kitu wanachotumia wote ni hewa. Ziwa Viktoria liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa pale ni karibu asilimia 88 ya lile la Mtwapa. Silinda inavuta hewa nyepesi zaidi, kwa hiyo hata geji ya mgandamizo inasoma chini. Piga hesabu na utaona 150 ya pwani inakuwa 130 na kidogo Kisumu, bila kitu chochote kuharibika. Na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Hapo tayari asilimia 11 imeenda. Ongeza watu watano zaidi ya wale wa Mtwapa. Injini ile ile, propela ile ile, kazi tofauti kabisa.

Sasa tuingie kwenye propela, ambayo kamusi huiita rafadha, ingawa sijawahi kumsikia fundi akiiita hivyo.

Propela huandikwa kwa namba mbili, zote kwa inchi. Ya Mjomba ilikuwa 14¼ kwa 19. Namba ya kwanza ni kipenyo, upana wa duara ambalo mapanga yanachora. Ya pili huitwa pichi, na hii ndiyo inayowapoteza watu. Fikiria skrubu inayoingia kwenye ubao: kila ukiizungusha mara moja, inazama kiasi fulani. Pichi ya 19 ina maana kwamba kama maji yangekuwa ubao, propela ingesonga mbele inchi 19 kwa mzunguko mmoja. Maji si ubao, kwa hiyo inasonga kidogo pungufu. Upungufu huo ndio mtelezo. Mtelezo haumaanishi propela ni mbovu. Bila mtelezo hakuna msukumo. Kwa boti ya namna hii, asilimia 10 hadi 20 kwenye kasi ya juu ni kawaida.

Pichi kubwa ni kama gia kubwa ya baiskeli. Kwenye tambarare, ukiwa peke yako, unaruka. Kwenye mlima ukiwa umebeba gunia la mahindi, unasimama. Mjomba yeye alikuwa ameona video za boti za mashindano za Marekani na alitaka kwenda kinyume: anunue ya chuma kisichoshika kutu, pichi 21, ing'ae. Kwamba boti zile hutumia propela kama hizo ni kweli. Lakini boti zile ni nyepesi kwa nguvu zilizo nazo, zinakimbia huku sehemu kubwa ya bodi iko hewani, na propela zake zina mwinamo mkubwa wa mapanga wa kuinua omo na ukingo uliokunjwa kidogo ili panga lishike maji hata likiwa karibu na uso. Hakuna hata moja inayobeba wageni wanane wenye vikapu vya chakula.

Kipimo cha kweli cha propela ni swali moja: ukiwa na mzigo wako wa kawaida, mafuta yote, injini inafika mizunguko mingapi kwa dakika? Mtengenezaji wa injini huandika eneo linalotakiwa. Mwongozo wa injini hii unasema 4,400 hadi 4,800. Ukizidi, unaipasua. Ukiwa chini, watu hudhani unaitunza, na hapo ndipo hatari ilipo. Injini iliyosukumwa mafuta yote huku imezuiwa isizunguke hubeba shinikizo na joto kubwa ndani ya silinda, mafuta huanza kulipuka kabla ya wakati wake, na mwisho wake ni pistoni na valvu kuungua. Yaani boti ingeendelea hivi miezi michache zaidi, maneno ya fundi yangekuja kuwa kweli.

Nilisafiri Kisumu Ijumaa moja. Kabla ya kupima chochote tulitoa propela na kuangalia shafti, kwa sababu magugumaji na uzi wa nyavu hujizungusha pale na kuleta dalili hizi hizi. Palikuwa safi. Tukabadilisha plagi, tukamwita fundi wa kabureta apunguze petroli inayoingia, maana hewa ikiwa nyepesi mchanganyiko unazidi kuwa na petroli. Mizunguko ilipanda kidogo tu.

Halafu nikaandika programu yangu, mistari kama 20 ya Python, na kiini chake ni mstari mmoja:

kasi = mizunguko / uwiano_wa_gia * pichi * 0.001524

Jibu ni kilomita kwa saa. Ile 0.001524 ni inchi kwa dakika zilizogeuzwa. Uwiano wa gia kwenye mguu huu ni 1.5, yaani injini inazunguka mara moja na nusu ili propela izunguke mara moja. Linganisha jibu na kasi ya GPS ya simu, upate mtelezo.

Daftari la Mtwapa, watu watatu: mizunguko 4,600, nadharia 88.8, GPS 76. Mtelezo asilimia 14. Afya tupu.

Kisumu, watu wanane wa kujitolea (vijana wa Dunga waliolipwa soda na samaki): mizunguko 4,050, nadharia 78.2, GPS 59. Mtelezo asilimia 24 na zaidi. Injini iko mizunguko 350 chini ya sakafu ya eneo lake, na propela inakoroga maji kuliko kusukuma.

Kanuni ya mafundi ni kwamba ukipunguza pichi inchi moja, mizunguko hupanda kati ya 150 na 200. Tulihitaji kama 600 ili tukae vizuri ndani ya eneo. Hiyo ni inchi tatu au nne, na propela za mguu huu huuzwa kwa namba witiri: 17, 15. Hesabu ilikuwa inaelekeza kwenye 15, lakini sikutaka Mjomba anunue kitu kwa sababu programu yangu imesema. Jamaa mmoja mwenye boti alituazima 17. Propela ile ile ya mapanga matatu, alumini ile ile, kipenyo karibu sawa. Hili ni muhimu. Ukibadilisha pichi, idadi ya mapanga na aina ya chuma kwa siku moja, hutajua nini kilifanya nini.

Kwa 17: mizunguko 4,400, GPS 63. Mtelezo asilimia 17. Tumegusa sakafu. Mjomba akaanza kucheka peke yake. Lakini kuondoka bado kulichukua sekunde 9, na petroli haikuwa imejaa. Siku ya joto, tangi limejaa, mgeni mmoja mnene, tungerudi chini ya sakafu.

15 ililetwa kutoka Nairobi kwa basi la usiku. Mizunguko 4,700, GPS 62, mtelezo asilimia 13. Kuondoka: sekunde 6, na omo haikuinuka kiasi cha kumziba nahodha.

Angalieni hapo. Propela ya 17 ilikuwa na kasi kubwa zaidi, kilomita moja zaidi kwa saa. Mtu anayechagua kwa kasi ya juu peke yake angechukua 17. Sisi tulichukua 15, na ningeichukua tena, kwa sababu boti hii inaondoka na kusimama mara kumi kwa siku na mgeni hajali kama ni 62 au 63. Ina gharama yake pia. Nahodha akiwa na mtu mmoja tu, mafuta yote, mizunguko inapita 4,900, juu ya mpaka. Tumebandika utepe mwekundu kwenye mita ya mizunguko pale 4,800 na nahodha anajua kurudisha mkono. Propela inayofaa mzigo wote haipo, wala usimwamini anayekuuzia moja.

Kuna waliouliza kwa nini si mapanga manne. Manne hushika maji vizuri zaidi, hutetemesha kidogo, na husaidia boti kubaki imelala juu ya maji kwa mwendo mdogo. Kama pesa zingekuwepo ningeijaribu. Na chuma kisichoshika kutu? Kigumu zaidi, panga halipindi chini ya nguvu, na kinadumu. Lakini ukigonga jiwe, alumini hupinda na kuchukua pigo. Chuma hulipitisha pigo hilo ndani hadi kwenye gia za mguu. Kati ya propela na gia, najua kipi cha bei nafuu.

Jambo dogo ambalo karibu tulisahau: vile vipande vya madini vinavyofungwa kwenye mguu ili viliwe na kutu badala ya mguu. Vya Mtwapa vilikuwa vya zinki, vya maji ya chumvi. Kwenye maji matamu zinki hujifunika gamba na kuacha kufanya kazi. Tukaweka vya magnesi.

Gharama yote, pamoja na basi, kabureta, plagi, soda na samaki, haikufika sehemu ya kumi ya bei ya injini. Nilimpigia Shangazi nikiwa bado ufukweni. Mjomba naye akachukua simu, akaniambia, "Mjomba, ile ploti nimeiacha," kama vile ni mimi niliyetaka kuiuza.

Ile 19 haikuuzwa. Iko chini ya kiti cha nyuma ndani ya gunia, pamoja na spana, pini ya akiba na nati, na Mjomba ameiandika kwa rangi nyeupe MTWAPA. Anasema Desemba huenda akairudisha boti pwani kwa msimu wa wageni. Nimemwambia abadilishe propela kabla boti haijagusa chumvi, na vile vipande vya zinki vimo ndani ya gunia lilo hilo.