Nyumba Iliyopandishwa Mizani

Gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma hadi Zambia hupita chini ya mji wa Iringa, pale Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo. Mji uko juu mlimani. Huku chini ndiko waliko madereva, mama lishe, wauza vitunguu na mafundi. Mwaka 2009 nilikuwa kijana ninayejifunza umeme wa magari kwenye gereji ya baba mdogo, na mkate wetu wa kila siku ulikuwa Fuso, Scania na Land Cruiser za miradi. Magari ya Wazungu yaliyogeuzwa nyumba tulikuwa tukiyaona yakipita tu, yana mapazia madirishani na mitungi ya gesi ubavuni, yametoka Ulaya yanashuka Afrika Kusini. Moja halikupita. Lilivutwa hadi mlangoni kwetu na lori tupu lililokuwa likirudi Mafinga kupakia mbao, rejeta ikifuka mvuke.

Lilikuwa Mercedes 508D, zile za pua fupi zilizotengenezwa Düsseldorf kuanzia 1967 hadi 1986. Wenye gari walikuwa Wajerumani wawili, mume na mke, walimu wastaafu. Mama alikuwa amefundisha Tanzania miaka ya sabini na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima.

"Fundi, mlima Kitonga umetushinda," alisema.

"Poleni sana, mama. Karibuni. Injini ipoe kwanza, nanyi mnywe chai."

Nilidhani baba mdogo atakwenda moja kwa moja kwenye boneti. Hakwenda. Alilizunguka gari polepole, akainama kutazama springi za nyuma, akapiga teke dogo tairi za ndani, kisha akasimama mbele ambako gurudumu la akiba na madumu mawili vilikuwa vimefungwa juu ya wavu wa kupitishia hewa.

"Mama, mmebeba nini humu?"

"Nyumba yetu, fundi."

"Basi kesho tutaipima."

Bahati ni kwamba mzee, mume wa mama, alikuwa amesimama mapema. Oili haikuwa nyeupe, rejeta haikutoa mapovu injini ilipowashwa, kwa hiyo gasketi ya silinda hedi ilikuwa salama. Injini ile, OM314, ina silinda nne, lita 3.8 na nguvu za farasi 85. Baba mdogo aliipenda kwa sababu ni mdogo wake OM352, injini ya silinda sita iliyofungwa kwenye malori mengi ya Mercedes; kipenyo cha silinda ni kilekile, mwendo wa pistoni ni uleule. Tena haina mkanda wa taimingi. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo kila fundi wa Tanzania anaijua kama kiganja chake, hudai mkanda mpya kila kilomita 100,000. Hii huendeshwa na gia tupu. Mpaka leo mtu akiniuliza anunue gari gani la kugeuza nyumba, namwambia asianze na kitanda wala jiko. Aanze na injini ambayo ndugu zake wamejaa njia nzima anayokwenda.

Asubuhi tuliomba mizani ya magari kwenye ghala moja la nafaka. Tulipima magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, kisha gari zima. Cheti kiliruhusu kilo 4,600. Mizani ilisoma zaidi ya tani tano, na karibu ziada yote ilikuwa nyuma. Sababu kubwa ilikuwa tangi la maji la lita 200 lililofungwa mwisho kabisa, chini ya kitanda. Lita 200 za maji ni kilo 200, hilo kila mtu anajua. Ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba uzito uliokaa nyuma ya ekseli hufanya kazi ya wenzo: unailemea ekseli ya nyuma kuliko ulivyo wenyewe, na wakati huohuo unainua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele hazishiki vizuri. Kwa gari linalokwenda kushuka milima, huo ni uzito wa kuua.

Tulitandika turubai uani tukashusha kila kitu. Mama alikaa kwenye kigoda na daftari, baba mdogo akawa anauliza swali moja tu kwa kila kifaa: mara ya mwisho mmekitumia wapi? Jenereta ilikuwa haijawashwa tangu Misri. Hema la ziada halikuwahi kufunguliwa. Kulikuwa na gurudumu la pili la akiba, kabati la mbao ngumu, sufuria za chuma na makopo ya chakula yaliyonunuliwa Ujerumani wakati Iringa ina viazi, maharage na nyanya za Ilula mwaka mzima. Mama alikubali karibu yote, akakataa moja.

"Vitabu sishushi, fundi."

"Vitabu vibaki, mama. Ila vitoke rafu ya juu, vikae chini, katikati ya ekseli mbili."

Nilijifunza hapo kwamba kuliwekea gari vifaa vya safari ni kazi ya kupanga uzito kuliko kazi ya kununua. Tangi la maji tulilihamishia mbele ya ekseli ya nyuma. Gurudumu la akiba lilitoka puani likaenda chini ya chasisi, na rejeta ikapata hewa yake. Springi zilikuwa zimeumia kwenye njia ya Moyale hadi Isiolo, kule Kenya. Siku hizi ni lami, lakini enzi hizo ilikuwa changarawe yenye mawimbi ya kutikisa meno, na majani mawili yalikuwa yamekatika pamoja na sentabolti. Mafundi springi wa jirani walichagua majani ya lori kuukuu, wakayakata na kuyapinda motoni hadi yakalingana na ya upande wa pili.

Rejeta ilitupa kazi ya uvumilivu. Kwa nje mapezi yake yalikuwa yamezibwa na wadudu, vumbi na mbegu za nyasi zilizogandamana kama mkeka. Utingo mmoja alitaka kuipiga maji kutoka mbele; baba mdogo akamshika mkono. Maji hupigwa kutoka upande wa feni kwenda nje, kinyume cha njia ya hewa, la sivyo uchafu unasukumwa ndani zaidi. Kwa ndani kulikuwa na magadi ya maji ya visima vya njiani, tukayaondoa kwa dawa na kusuuza hadi maji yakatoka meupe. Tukaweka themostati mpya, mipira mipya na fenibelti. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo gari lililozidi uzito, lenye pua iliyozibwa, kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, chini ya Kitonga, lilikuwa na haki ya kuchemka.

Dizeli yao ndiyo iliyonikaa zaidi kichwani. Baba mdogo alinituma nitoe mafuta ya chini ya tangi nijaze chupa tatu za kioo, nizipange dirishani hadi kesho yake. Asubuhi ya Iringa ya mwezi wa saba ni baridi kweli. Nilipozishika, chini ya kila chupa kulikuwa na maji yamejitenga, juu ya maji utando wa kahawia, na dizeli yenyewe ilikuwa nyepesi, rangi imepauka, inanuka taa ya chemli. Zama zile mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na wapo waliochanganya. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya mchezo huo iishe. Ubaya wake hauonekani kwenye moshi. Pampu ya dizeli na nozo hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukiinywesha mafuta ya taa, vyuma vinasagana vikavu, na pampu ikifa huko porini hakuna nyundo itakayoisaidia.

Tulisafisha tangi, tukafunga chujio la kutenganisha maji, lenye kikombe cha kioo, mahali ambapo mzee angeweza kulitazama kila asubuhi bila kulala chini. Tukamfundisha kutoa upepo: kulegeza skrubu ya chujio, kusukuma pampu ya mkono hadi mapovu yaishe na dizeli itoke imeshikana, kisha kukaza huku bado inatoka. Alirudia hadi mikono ikazoea. Na tukamwambia ajaze tangi jioni, kwa sababu tangi nusu tupu kwenye usiku wa baridi hutengeneza maji yake lenyewe.

Umeme wa nyumba uliangukia kwangu. Friji, taa na pampu ya maji vyote vilinyonya betri ileile ya kuwashia injini, kupitia waya mwembamba uliokuwa umebadilika rangi kwa joto. Nilitenganisha. Betri ya nyumba ikawa peke yake, ikichajiwa na sola na alternata kupitia rilei inayokata injini ikizimwa, waya nene, na fyuzi karibu kabisa na betri, kwa maana fyuzi iliyo mbali hailindi kipande kilicho kabla yake. Nilimwandikia mama kwenye mlango wa kabati: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, usishushe zaidi ya hapo.

Gesi ilikaguliwa na baba mdogo mwenyewe. Alipaka povu la sabuni kila kiungo, akachuchumaa na tochi. Kwenye kiungo cha jiko povu likaanza kuvimba, kipovu kimoja kidogo sana, kikakua, kikapasuka, kikaja kingine. Kisha akagundua kwamba kasha la mtungi halikuwa na tundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutulia sakafuni, na watu hawa walikuwa wakilala juu yake. Alitoboa matundu mawili sakafuni mwa kasha kabla hata ya kumwambia mama sababu.

Jaribio lilikuwa Kitonga. Tulipita Ilula, tukashuka hadi Ruaha Mbuyuni, na kwenye mteremko baba mdogo alikaa kiti cha pembeni akirudia jambo moja: gia utakayopandia ndiyo ya kushukia. Mzee alishuka na gia ya pili, injini ikiguna, mguu ukigusa breki mara chache tu. Tukageuka jua likiwa utosini. Tulipanda nyuma ya Scania yenye kontena, mwendo wa mtu anayetembea haraka, na wote wanne tulitazama mshale wa joto. Ulipanda hadi katikati ukakaa hapo hapo.

Jenereta ilinunuliwa na mama lishe wa jirani, nayo ikalipia springi. Waliondoka alfajiri. Jioni mama akapiga simu kutoka Mbeya: injini haina tatizo, ila rafu ya vyombo imelegea. Baba mdogo akamwambia skrubu ziko droo ya kushoto, achukue zile ndefu, azipake gundi ya mbao kabla ya kuzikaza.