Neno Bonasi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyopanda vilima vya Mogogosiek yakakaa huko kama wenyeji, sidhani kama liko lipendwalo kuliko bonasi. Hulisikia sokoni, garini, na penye kituo cha kupimia majani ya chai. Watu ambao hawana Kiingereza kingine kinywani wanalo hilo moja, nao hulitamka kwa uchangamfu. Nataka, msomaji, tulichukue neno hili mkononi tuligeuze upande kwa upande, kwa kuwa limebeba maana nyingi, na moja ya maana hizo haipatani na kitu kinachoitwa kwa jina hilo.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Humo bonus si jina la kitu, ni sifa, na maana yake ni mwema. Kilatini, mfano wa Kiswahili, hupatanisha sifa na jina lake: mwanamume mwema ni bonus, mwanamke mwema ni bona, na kitu chema ni bonum. Katika karne ya 18 madalali wa hisa wa London walitafuta neno la kutajia fedha inayoongezwa juu ya malipo ya kawaida. Wakaenda kukopa kwa Warumi, lakini wakakopa vibaya. Iliwapasa kusema bonum, kwa kuwa fedha ni kitu; wao wakasema bonus. Ni sawasawa na mtu anayejifunza Kiswahili asemapo "kitu mwema". Mwalimu wako angalitia alama nyekundu hapo, lakini madalali hawakuwa na mwalimu, na kosa lao limekuwa Kiingereza sanifu. Neno hili lina ndugu wengi: bon la Wafaransa, bueno la Wahispania, na hata bonanza, ambalo kwa mabaharia wa Hispania lilikuwa shwari ya bahari kabla halijawa machimbo yenye mali tele.

Toka London neno lilitawanyika. Katika bima ya maisha ni sehemu ya faida anayoongezewa mwenye bima. Katika bima ya gari ni punguzo analopewa dereva aliyemaliza mwaka bila kudai fidia. Kampuni huwagawia wenye hisa hisa nyingine bila malipo, nazo huitwa hivyo hivyo. Mwajiri hutoa bonasi mwisho wa mwaka, mwalimu hutoa alama za bonasi kwa swali gumu, kampuni ya simu hutoa dakika za bonasi, na wachezesha kamari hulitundika neno hilo kwenye ndoana yao kama chambo. Katika nyingi ya maana hizi limo wazo moja: kitu kilichozidi juu ya haki yako, ambacho aghalabu usingepewa usingekuwa na mahali pa kukidai.

Sasa turudi Mogogosiek, katika kaunti ya Bomet, tuone kitu kinachoitwa bonasi huko.

Mkulima mdogo huchuma majani mawili na ncha changa katikati yake, akajaza kikapu, akayapeleka kituoni yakapimwa. Majani hayo huenda kiwandani, yakanyaushwa, yakakatwa, yakaachwa yabadilike rangi, yakakaushwa na kuchambuliwa, mpaka kilo 4 na zaidi za majani mabichi zikawa kilo 1 ya chai iliyo tayari. Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa katika mnada wa Mombasa. Kila mwezi mkulima hulipwa kiasi kwa kila kilo aliyopeleka. Mwaka wa hesabu ukimalizika mwezi wa Juni, hutolewa gharama za kuni, umeme, mishahara, usafirishaji na usimamizi. Kinachosalia hugawanywa kwa wakulima kulingana na kilo zao, wakalipwa, mara nyingi karibu na mwezi wa Oktoba. Hayo ndiyo malipo ya pili, na ndiyo yaitwayo bonasi.

Tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme baada ya gharama zote kilo moja ya majani imestahili shilingi 50. Kiwanda kimoja chalipa 20 kila mwezi na kutoa bonasi ya 30. Kingine chalipa 30 kila mwezi na kutoa bonasi ya 20. Mwenye kilo 4,000 kwa mwaka atapata shilingi 200,000 kwa vyovyote. Lakini yule wa kwanza atasifu kiwanda chake kwa ukarimu kwa kuwa amepokea 120,000 kwa mkupuo, na yule wa pili ataona amepunjwa kwa 80,000 zake. Neno limewafanya wasahau kujumlisha.

Sisemi kwamba malipo ya mkupuo ni mabaya. Nimelelewa katika nyumba ya majani ya chai, na najua kwamba fedha ya kila mwezi huishia kwenye chumvi, sabuni na mbolea, ambapo ile ya Oktoba hununua ng'ombe, tangi la maji na karo ya shule. Ni kama kibuyu kinachojaa mahali usipoweza kukifikia. Lakini akiba ya mtu ni jambo moja na zawadi ni jambo jingine. Apewaye zawadi hushukuru, wala haulizi kwa nini imepungua. Mwenye haki huomba kuona hesabu. Mwaka 2024, bonasi za magharibi ya Bonde la Ufa zilipokuwa chini sana ya zile za mashariki, wakulima wa huku walilalamika kwa sauti kubwa na kuuliza sababu. Hapo waliitendea bonasi kama mshahara.

Jambo la namna hii liliwapata watu wengine mbali na chai. Mwaka 1924 Marekani ilitunga sheria ya kuwalipa askari waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza: dola 1 kwa kila siku ya utumishi nchini, dola 1.25 kwa kila siku ya ng'ambo, lakini wengi wao wangengoja mpaka mwaka 1945. Sheria iliyaita malipo hayo fidia ya kusawazisha mishahara yao. Watu na magazeti wakayaita bonasi. Njaa ilipozidi, mwaka 1932, maelfu ya askari hao walipiga kambi Washington wakitaka walipwe mapema, na mwezi wa Julai jeshi likawafukuza na kambi zao zikateketea. Walilipwa mwaka 1936. Nadhani ni rahisi zaidi kumfukuza mlangoni mtu anayeomba bonasi kuliko mtu anayedai fidia.

Kiswahili hakikukosa maneno. Tuna bahashishi kwa fedha ya shukrani, marupurupu kwa posho za kazi, nyongeza na ziada kwa kilichozidi. Na kwa kilichobaki bila kulipwa tuna salio. Fedha ya Oktoba ni salio. Sitarajii mtu aache bonasi kwa ajili hiyo, maana neno lililozoea ulimi halihami kwa amri.

Tena huku kwetu limezaa maana nyingine ambayo madalali wa London hawakuijua. Husikii watu wakisema "Oktoba". Harusi itakuwa bonasi, paa litaezekwa bonasi, na mwenye duka, anapoandika deni la unga daftarini, mahali pa tarehe ya kulipa huandika neno hilo moja.