Njia Zisizo na Malori

Anayeijua Tunduma kwa kupita tu huijua kwa malori. Yamejipanga toka mpakani kurudi nyuma kuelekea Mpemba, madereva wakipika chai kando ya matairi na vijana wakiuza mayai ya kuchemsha. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 kimesaidia, lakini shaba ya Zambia na ya Kongo bado itashuka kwenda bandarini Dar es Salaam, na mafuta na mbolea bado vitapanda. Siyalaumu malori, kwani ndiyo yaliyoijenga Tunduma. Ila ndugu msomaji, jaribu kupita hapo na baiskeli. Lori likikupita, upepo wake wakuvuta kwenye magurudumu. La pili likija upande wa pili, huna pa kwenda isipokuwa mtaroni.

Lami ya barabara kuu kutoka Dar es Salaam ilipotufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mimi nilikuwa kijana wa chuo cha ualimu, na tulishangilia kama watu wote. Hatukujua kwamba sisi wenye baiskeli tulikuwa tunanyang'anywa barabara. Mwaka 1998 mwalimu mwenzangu aligongwa usiku akirudi kutoka kuchukua mshahara. Nilikwenda mimi kumwarifu mkewe, maana nilikuwa mwalimu mkuu wake. Baiskeli tuliipakia kwenye mkokoteni, gurudumu la mbele limekunjwa kama chapati. Tangu siku hiyo nilijiwekea sharti kwamba kwenye lami nitapita kwa miguu tu au ndani ya basi, na baiskeli yangu itapita njia nyingine.

Njia hizo zipo, na nyingi. Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umeshonwa kwa vijia kama kikapu, na nina umri wa miaka sabini na kitu sijavimaliza. Baiskeli yangu ni Phoenix ile nzito ya Kichina, haina gia, ina keria ya chuma iliyobeba kila kitu tangu madaftari hadi mgonjwa. Wajukuu wanaicheka. Mimi nawaambia waipandishe wao kilima, ndipo tuzungumze.

Jambo ambalo vijana hawalijui, na hata wapima barabara wengine hawalijali, ni kwamba wazee wetu hawakukata njia ovyo. Njia ya zamani hufuata mgongo wa kilima. Mgongoni hakuna mto wa kuvuka, hakuna tope linalokaa wiki nzima, na unaona mbali anayekuja ni rafiki au ni nani. Barabara ya mhandisi hukata bonde na kupanda tena, kwa kuwa injini haichoki. Magoti huchoka. Mwenye baiskeli akishika mgongo wa nchi anaweza kwenda nusu siku bila kushuka kusukuma zaidi ya mara tatu au nne.

Na migongo yetu si ya mchezo. Kuna mito miwili yenye jina moja la Songwe. Mmoja hukimbilia kaskazini kuingia Ziwa Rukwa, kama ufanyavyo Momba, na ziwa hilo halina pa kutokea. Maji yake huishia juani. Mwingine, wa upande wa Ileje, ni mpaka wetu na Malawi. Huo huingia Ziwa Nyasa, na kutoka huko maji hufuata mto Shire hadi Zambezi na Bahari ya Hindi. Ukivuka kuingia kaskazini mashariki ya Zambia utakuta vijito vinavyokwenda Chambeshi, na Chambeshi ndio mwanzo wa mbali kabisa wa mto Kongo, unaomwaga maji Atlantiki. Nilipokuwa nafundisha jiografia niliwapeleka watoto wa darasa la sita kilimani mvua ikinyesha, nikawaambia wachague matone yao yaende wapi. Mmoja alichagua Rukwa kwa sababu ni karibu, na nywele zake zilikuwa zimelowa.

Hata mpaka wa Tunduma ni mtoto wa njia. Katika miaka ya 1880 Waingereza walianza kukata barabara ya kuunganisha Nyasa na Tanganyika, wakaiita kwa jina la tajiri aliyeitolea fedha, Stevenson. Haikukamilika ilivyokusudiwa. Lakini Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi mwaka 1890, mstari ulichorwa ili njia ile ibaki upande wa Mwingereza. Ndivyo Wanyamwanga walivyojikuta wengine Tunduma na wengine Nakonde, shangazi huku, mpwa kule. Wao njia zao hawakuziacha. Siku hizi huitwa njia za panya, na ni kweli sukari na mafuta ya kula hupita humo gizani juu ya keria. Ila nyingi kati ya njia hizo zilikuwa za kwendea msibani muda mrefu kabla hazijawa za magendo.

Nikitaka siku nzuri hupita kwenye mashamba ya kahawa hadi kilima cha Marengi, kilipo kimondo cha Mbozi. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, hukadiriwa uzito wa tani 16. Vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930, maana yake mwaka huo mpima ardhi kutoka nje alikiona. Wanyiha walikuwa wanakijua siku zote. Nikitaka siku ngumu huelekea milima ya Ileje. Barabara ya Mpemba hadi Isongole nayo sasa ina lami, na wagonjwa wa Itumba wanashukuru, nami nashukuru pamoja nao. Mimi hushika ya juu, kwenye baridi na migomba ya Wandali. Kushuka bondeni ndiko kwenye hatari. Breki za Phoenix ni za vyuma viwili na mpira, zikilowa ni mapambo. Kwa hiyo nashuka kwa miguu nimeikamata kama ndama, mpaka nasikia sauti ya Songwe kule chini. Hapo nakula kiazi changu cha baridi, na sijaona gari tangu asubuhi.

Msomaji atauliza kwa nini njia nzuri namna hii hazina watu. Sababu moja ni bodaboda. Nyingine ni ya zamani zaidi. Serikali ilipoamuru mwaka 1973 kwamba watu wote wawe katika vijiji kabla ya mwisho wa 1976, watu wetu waliletwa kando ya barabara. Njia za mgongoni zilibaki zikiunganisha mahame. Hadi leo utaona migomba iliyojiotea yenyewe, jiwe la kusagia lililolala kifudifudi, na kaburi lenye mti. Nilikuwa mwalimu kijana wakati ule, nilihesabu kaya zilizohamia, na shule yangu ilijaa kwa sababu hiyo. Watoto walipata kusoma. Bibi zao walilia. Yote mawili niliyaona.

Sasa njia hizo zinakufa kimya kimya, kwa sababu hazimo katika ramani wala katika orodha ya barabara za TARURA. Miaka michache iliyopita nilifika mahali ninapopita tangu ujana, nikakuta miche ya maparachichi imepandwa katikati ya njia kwa mstari ulionyooka kabisa. Mwenye shamba alikuwa mwanafunzi wangu. Alinisalimu vizuri, "Shikamoo mwalimu," akanipa kiti, kisha akasema njia haifunguliwi. Sababu yake haikuwa ya kijinga. Alisema wezi wa kahawa hupita humo usiku na baiskeli kama yangu, na msimu uliopita walimchukulia magunia mawili. Nikamwambia asubuhi nimehesabu watoto kumi na saba wakipita kando ya miche yake kwenda shule, na wakizuiwa hapo njia yao itakuwa lami. Akanyamaza. Naye ana mtoto katika shule hiyo, ila humpeleka kwa pikipiki.

Tulikwenda kwenye mkutano wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na njia ya wote ni mali ya wote hata kama haina kibao. Mkutano ulianza saa nne, ukaisha saa tisa. Kijana mmoja alisema tunagombania njia ya mbuzi wakati dunia inataka barabara. Mama mmoja muuza maharage, ambaye sikuwa nimemwomba chochote, alisimama akasema anayepanda bodaboda kila siku ya gulio hurudi hana faida, na yeye njia ya mbuzi inamtosha. Alipigiwa makofi kuliko mimi niliyeleta sheria.

Iliamuliwa njia ihamishiwe ukingoni mwa shamba, upana wa hatua mbili, na mwenye shamba aruhusiwe kupanda ua wa mkonge upande wake. Ukingo huo uko nje ya mgongo, kwa hiyo una mteremko mkali na kipande cha tope. Baiskeli lazima isukumwe. Watoto huuchukua mbio, wakishika matawi.

Wanangu walioko Dar es Salaam wanataka niache kuendesha. Mkubwa alinitumia fimbo nzuri ya kutembelea, imekaa nyuma ya mlango. Mvua za Novemba zikianza, nyasi za pale ukingoni hupita magoti kwa wiki tatu tu, hivyo Jumamosi huenda na vijana wawili wa jirani tukiwa na mafyekeo. Mwaka jana tulimkuta mwenye shamba ameshatangulia, amefyeka nusu yake na kuacha nusu yetu.